Ncha ya Pili ya Shuka

Jumatatu, 4 Machi

Muhula wa mwisho umeanza leo. Naandika kwenye meza ya chakula na lazima niwe mfupi, kwa sababu mke wangu anaitaka akatie vitambaa. Yeye ni fundi cherehani, na meza tunayo moja.

Mpango ni huu. Asubuhi mpaka saa kumi jioni niko kazini, katika chumba cha kufulia cha hospitali. Saa kumi na moja niko darasani. Somo lililobaki ni moja tu, Sheria ya Ushahidi, lile lililoniangusha mwaka jana. Sisi wanafunzi wa jioni chuo kinatupa miaka saba ya kumaliza shahada, na huu ndio wa saba. Nikianguka tena, au nisipoufanya mtihani, yote niliyofaulu huko nyuma yanafutwa. Hakuna cha kubembeleza. Nimeshauliza.

Mwaka jana nilisoma baada ya kazi, nikiwa nimechoka, na kurasa zikapita machoni kama mvua dirishani. Mwaka huu nitasoma nikiwa kazini.

Jumanne, 5 Machi

Nieleze hilo la kusoma kazini, nisije nikajishangaa mwenyewe nikilisoma baadaye.

Shuka la hospitali likitoka kwenye pasi kubwa ya mvuke halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika ncha mbili za huku, mwingine ncha mbili za kule. Mnavuta likae sawa, mnakutana katikati, mmoja anapokea, mwingine anainama kuchukua mkunjo wa chini, mnavuta tena. Mwenzangu ni mama wa makamo ambaye kila mtu anamwita Shangazi, mpaka madaktari. Tumekunja pamoja tangu nilipoajiriwa. Anasema akishika ncha zake anajua nimelalaje na kama nimegombana na mtu nyumbani, kwa ninavyovuta tu.

Mikono inaijua kazi, kichwa kinabaki bure. Siku zote kichwa changu kimetumika kusikiliza habari za mtaani kwake. Leo nimemwomba anisikilize mimi.

"Nikusikilize nini?"

"Masomo. Tukivuta nasema kanuni, tukikutana katikati natoa mfano."

"Na mimi napata nini?"

"Sheria."

"Sheria haipikiki," alisema. Lakini alishika ncha zake. "Haya, Wakili. Anza."

Jina hilo walinipa mwaka wa kwanza wa chuo, kwa kejeli. Siku hizi wengi wamesahau kwamba ilikuwa kejeli.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Tumeanua nguo za uani mbio mbio.

Jumatano, 13 Machi

Somo la jana darasani lilikuwa ushahidi wa kusikia. Leo nimelirudia kwa Shangazi.

"Kanuni," nilisema tukivuta. "Shahidi haji mahakamani kusema alichoambiwa na mtu mwingine. Aje yule aliyeona, au aliyesikia mwenyewe."

"Hata kama aliyemwambia ni mtu mkweli?"

"Hata kama."

"Hata kama ni mimi?"

"Hasa kama ni wewe, Shangazi."

Aliliachia shuka ghafla, nikapepesuka mpaka ukutani. Wasichana wa kwenye mashine walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Kwa hiyo hapa kazini tungefungwa midomo sote," alisema akiziokota ncha zake. "Hakuna msamaha wowote?"

"Upo. Maneno ya mtu anayekata roho, kuhusu kilichomuua. Hayo yanapokelewa."

"Yaani mimi nitaaminiwa siku ya kufa."

"Ndivyo sheria ilivyo."

"Hiyo sheria yenu ina roho mbaya," alisema. Kisha, tulipokutana katikati, aliuliza kwa sauti ya chini, "Na akipona je?"

Nimeandika swali hilo nimpelekee mhadhiri.

Jumatatu, 18 Machi

Tumeletewa msimamizi mpya. Kabla hajasalimia alilinyoosha rundo la foronya lililokaa upande. Mpaka saa sita mchana alikuwa ameshapata jina: Rula.

Jumanne, 19 Machi

Mvua kutwa. Mhadhiri anasema yule anayekata roho akipona, anaitwa atoe ushahidi mwenyewe. Shangazi ameridhika.

Ijumaa, 22 Machi

Siku mbaya. Naiandika yote.

Asubuhi nilikuwa upande wa kupakia mashine. Nilikuwa nimebandika karatasi yangu ya somo la mzigo wa kuthibitisha kwenye mlango wa mashine ya tatu, kwa plasta, niisome huku napakia. Anayedai jambo ndiye anayelithibitisha. Nilirudia hivyo, nikipakia mashuka meupe ya wodi ya wanaume, na katikati ya kanuni na mfano nikapakia pia nguo moja ya chumba cha upasuaji. Ya kijani. Mpya, haijawahi kuonja maji. Na maji niliyafungua ya moto.

Mashuka yalitoka na rangi ya majani machanga.

Shangazi alilishika moja, akaliinua kwenye mwanga. Hakusema kitu, na Shangazi asiposema kitu ujue ni msiba. Yale mengine ya akiba yalikuwa bado mabichi kwa sababu ya mvua, kwa hiyo wodi ya wanaume ilitandikwa kijani. Muuguzi wa huko alitupigia simu kusema wagonjwa wanauliza kama wamehamishiwa bustanini.

Rula alikuja. Aliibandua ile karatasi mlangoni polepole, isichanike, akaikunja mara mbili, akanipa.

"Hii ni nini?"

"Masomo, Msimamizi."

"Humu sitaki kuona karatasi ya chuo. Ikionekana tena, nakuhamishia zamu ya jioni."

Zamu ya jioni inaanza saa tisa alasiri. Zamu ya jioni maana yake hakuna darasa, na bila mahudhurio chuo hakimruhusu mtu kufanya mtihani. Sijui kama alilijua hilo. Nafikiri alilijua. Ana macho ya mtu anayejua vitu.

Tulipokuwa tunachemsha mashuka kwa dawa ya kung'arisha, mara ya kwanza na ya pili, Shangazi aliniinamia. "Kasema karatasi," alinong'ona. "Mdomo hakuutaja."

Jumapili, 24 Machi

Yale mashuka yamerudia weupe, karibu yote. Matano yamebaki na kivuli. Rula ameagiza yawekwe juu kabisa ya rafu yangu, niyaone kila asubuhi. Huyu mwanamke hana moyo.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Mashine kubwa ya kukaushia imeanza kunguruma kama mzee anayetaka kukohoa.

Jumapili, 7 Aprili

Binti yetu ana miaka saba na anarudia kila anachosikia, ndiyo maana tunamwita Kasuku. Leo mama yake alimwuliza nani amemaliza sukari. Kasuku akajibu, "Anayedai athibitishe." Mke wangu alinigeukia mimi. Nilijifanya nasoma.

Baadaye, cherehani ilipotulia, alisema, "Ijumaa waliimba shuleni. Alisimama mstari wa mbele."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Ijumaa hata darasa sikuwa nalo. Nilibaki kazini kumsomea Shangazi sura ya saba.

"Aliniuliza kama baba yuko nyuma ya wale watu warefu," alisema. "Nikamwambia ndiyo. Sasa umenifanya shahidi wa uongo."

Alisema bila hasira, akipitisha uzi kwenye sindano, na ndiyo maana iliniuma. Niliuliza kama anataka niache. Alinitazama kana kwamba nimesema upuuzi.

"Hukuanza peke yako," alisema. "Hutaacha peke yako. Nimeshona sare za nusu ya mtaa huu ili wewe ukae darasani. Uache nini?"

Watu huniuliza kwa nini sheria. Huwa najibu kwamba naipenda. Ukweli ni kwamba nilipokuwa na umri wa Kasuku, mwenye nyumba alitutolea vitu nje siku ya mvua, na mama yangu akaomba radhi. Hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kukataa.

Jumatatu, 15 Aprili

Ratiba ya mitihani imebandikwa chuoni. Ushahidi: Alhamisi, 23 Mei, saa nane mchana. Niko kazini saa hiyo. Lazima niombe ruhusa kwa Rula.

Jumatano, 17 Aprili

Leo sikumwomba. Alikuwa na hasira na watu wa sabuni.

Jumanne, 23 Aprili

Sikumwomba. Mashine ya kukaushia imekufa kabisa. Mashuka yamening'inia kwenye korido kama watu waliopanga foleni, na wagonjwa wanapita wakiyasukuma kwa mikono.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua. Kila kitu kinanuka ubichi, na nywele zangu pia. Mke wangu aliniuliza, "Umeshamwomba?" Nikasema nasubiri siku nzuri. Akasema, "Kwa mvua hii?"

Kila nikifika kwenye mlango wa Rula nayaona kichwani yale mashuka matano. Nikigonga, atanitazama na kuyakumbuka. Shangazi ameona ninavyosumbuka. Leo ameniambia, "Acha nikutafutie njia." Nimemshukuru.

Jumanne, 14 Mei

Habari njema. Shangazi alinisubiri mlangoni, kanga yake imelowa mabegani, uso unang'aa.

"Wakili, tulia. Ruhusa yako ya Alhamisi ile imepita."

"Nani kasema?"

"Fundi wa boila."

"Yeye kajuaje?"

"Kaambiwa na bawabu, na bawabu huingia ofisini kwa Rula kila asubuhi kupeleka funguo. Unataka nini zaidi? Uletewe na tarumbeta?"

Nilimkumbatia pale pale, tukiwa na toroli la foronya katikati yetu. Tumekunja kama tunacheza ngoma. Tumefika sura ya mwisho.

Nyumbani nilitangaza mezani kwamba ruhusa nimepata. Mke wangu alishusha pumzi. Kasuku akauliza, kama ninavyomfundisha, "Nani kasema?"

Nikamwambia ale.

Jumatatu, 20 Mei

Sina budi kuandika haya kwa utaratibu, la sivyo nitayaandika kwa matusi.

Asubuhi Rula alibandika orodha ya zamu za wiki. Wodi zimejaa watu wenye homa ya mvua hizi, mashuka hayakauki, kwa hiyo likizo na ruhusa zote zimesimamishwa mpaka mashine itengenezwe. Jina langu liko Alhamisi, kutwa nzima. Niliona ni makosa ya kuandika. Nikaenda ofisini kwake, nikagonga, mara ya kwanza tangu alipokuja.

"Msimamizi, nakukumbusha tu, Alhamisi naondoka saa saba."

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Kwenye mtihani. Ile ruhusa uliyonipa."

Aliweka kalamu chini. "Mimi nilikupa? Lini?"

Nilisema nimeambiwa Jumanne.

"Nani alikuambia nimekupa?"

"Shangazi."

"Shangazi aliambiwa na nani?"

"Fundi wa boila."

"Na yeye?"

"Bawabu."

Bawabu aliitwa. Alivua kofia. Alisema yeye hakusikia neno lolote, ila alipopeleka funguo aliona kwenye kalenda ya ofisini Alhamisi ya tarehe ishirini na tatu imezungushiwa duara jekundu, na kwa kuwa hospitali nzima inajua siku hiyo Wakili ana mtihani, alifurahi, akamwambia fundi wa boila. Basi.

"Duara hilo ni siku ya fundi wa mashine ya kukaushia," alisema Rula. Alimruhusu bawabu aende. Kisha akaniuliza, "Mtihani wenyewe ni wa nini?"

"Sheria ya Ushahidi."

Hakucheka. Ningependa angecheka.

"Ungekuja mwezi uliopita ningekupa," alisema. "Nilikuwa na watu. Nilikuona ukipita mlangoni, ukisimama, ukipita. Nilidhani unaogopa hewa ya humu ndani. Sasa sina mtu hata mmoja."

Nilimweleza habari ya miaka saba. Nilimweleza bila kulia na bila kupiga magoti, hilo nitajipa sifa. Alisikiliza, akinyoosha kingo za karatasi zilizokuwa mbele yake.

"Alhamisi kuna upasuaji mchana," alisema mwishowe. "Mashuka ya upasuaji na ya wodi ya wazazi yakitoka makavu na yakakunjwa kabla ya saa saba, nenda. Yasipotoka, sitakufunga kamba. Lakini ukiondoka, usirudi."

Nilitoka nikamkuta Shangazi anangoja na ncha zake mkononi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. La mwisho lilikuwa, "Umenimaliza."

"Nilikuletea habari njema, mwanangu," alisema. "Nami nilidhani ni njema."

Jumanne, 21 Mei

Tumekunja kutwa bila neno. Huwezi kumkimbia mtu uliyeshika naye shuka moja. Unamwendea, unampa ncha, unarudi nyuma, unamwendea tena. Kila tulipokutana katikati niliangalia vidole vyake tu. Vimevimba kwenye viungo, kwa sababu ya baridi hii. Sikuwa nimeviona.

Jumatano, 22 Mei

Bado kimya. Mvua.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliweka mkasi mezani. "Unamnunia nani?" aliuliza.

"Alinihakikishia."

"Yeye hakusomea ushahidi. Aliyesomea ni wewe. Na aliyeogopa kugonga mlango ni nani?"

Kasuku, chini ya meza, akarudia, "Ni nani?"

Ni mimi. Nimeliandika. Kesho nitakwenda kazini mapema kuliko kawaida, nitafanya kazi mpaka saa saba, na nitaondoka. Kama yatakuwa yamekwisha, nitarudi Ijumaa. Kama hayatakuwa yamekwisha, sitarudi. Nimemwambia mke wangu hivyo. Akasema, "Basi yamalizeni," akaendelea kukata.

Ijumaa, 24 Mei

Naandika ya jana.

Nilidhani nitakuwa wa kwanza kufika. Dirisha la boila lilikuwa na mwanga tayari. Fundi wa boila, mtu ambaye hajawahi kuwahi chochote katika maisha yake, alikuwa amewasha moto tangu alfajiri, na mvuke ulikuwa umejaa kwenye mabomba. Hakunitazama usoni. "Mvuke upo," alisema, kama mtu anayelipa. Bawabu naye, ambaye kazi yake ni kukaa kwenye kiti, alikuwa anasukuma toroli la mashuka mabichi.

Bila mashine ya kukaushia njia ni moja. Unalipitisha shuka bichi kwenye pasi ya mvuke polepole, linatoka limekauka nusu, unalipitisha tena. Wasichana wawili waliingiza. Mimi na Shangazi tulisimama upande wa kutokea.

Shuka la kwanza lilitoka linafuka moshi. Nilishika ncha zangu. Alishika zake. Tulivuta. Nilitaka kuomba radhi, nikawa natafuta neno la kuanzia.

Tulipokutana katikati alisema, "Kanuni."

"Shangazi, mimi juzi..."

"Sikukuuliza ya juzi. Kanuni. Leo si ndiyo siku yenyewe?"

Basi nikaanza. Mzigo wa kuthibitisha. Ushahidi wa mtaalamu. Kukiri. Maneno ya anayekata roho. Mvuke ulipiga nyuso zetu, mashuka yalituunguza viganja, na nilisema somo zima kuanzia sura ya kwanza, kanuni tukivuta, mfano tukikutana. Nilipokosea alikaza ncha zake, hakuniachia mpaka niliposahihisha. Sikujua kwamba anayajua. Nilidhani miezi yote hii alikuwa ananivumilia.

"Ulisema mtaalamu lazima aonyeshe ujuzi wake kwanza," alinikumbusha mahali fulani.

"Ndiyo."

"Mimi nimekunja mashuka tangu hujaota ndevu. Nahesabika?"

"Unahesabika."

"Basi ushahidi wangu ni huu. Hatutamaliza kwa mwendo huu. Ongeza."

Tuliongeza. Ya upasuaji yaliisha saa tano na kitu, bawabu akayapeleka juu mbio. Tukaingia ya wazazi. Fundi wa mashine ya kukaushia alikuja, akalala chini ya mashine yake, miguu ikabaki nje, kila mtu akawa anairuka. Saa sita ikapita. Rundo lililobaki lilinifika kiunoni. Kisha mmoja wa wasichana akaunguza mkono kwenye pasi, ikabidi apelekwe kutibiwa, na Shangazi akaenda kuingiza mahali pake. Nikabaki peke yangu upande wa kutokea, nikijaribu kukunja shuka la watu wawili kwa kidevu na magoti.

Nilitazama saa ya ukutani. Nilikuwa nimeshaamua tangu Jumatano, lakini kuamua mezani ni rahisi. Niliangalia ile rafu yenye mashuka matano yenye kivuli cha kijani na nikafikiri, basi, haya nayo nayaaga.

Rula aliingia. Aliangalia rundo, akaangalia saa, akaniangalia mimi na shuka langu kidevuni. Alivua koti lake jeupe, akalitundika, akalinyoosha mabega. Kisha alikunja mikono ya blauzi.

"Lete ncha zangu," alisema.

Tulikunja mashuka mawili pamoja. Ana mikono ya haraka. La tatu alilishika, akamwita bawabu.

"Wewe wa kalenda. Shika huku." Akanigeukia. "Nenda ukanawe."

"Hayajaisha, Msimamizi."

"Naona. Nina macho."

"Ulisema..."

"Nilisema yatoke yakiwa yamekunjwa kabla ya saa saba. Sikusema yakunjwe na nani." Alivuta, bawabu akapepesuka. "Vuta, bwana, hili si pazia. Wakili, bado umesimama?"

Kutoka upande wa kuingizia Shangazi alipaza sauti juu ya mngurumo wa pasi: "Mwanangu, ukikosea sura ya nne nitajua."

Nilifika chuoni nimelowa mvua juu ya jasho. Msimamizi wa mtihani alinipa karatasi, akasogea nyuma kidogo. Nilikuwa nanuka dawa ya kung'arisha. Swali la pili lilihusu ushahidi wa kusikia: A amemwambia B, B amemwambia C. Niliwaona wote watatu, mmoja amevua kofia. Niliandika mpaka kalamu ikaacha alama kidoleni.

Leo nimerudi kazini. Niliuliza mashuka ya wazazi yaliisha saa ngapi.

"Saa saba kasoro kidogo," alisema Shangazi. "Nimeona mwenyewe."

Halafu nikamwomba radhi, kwa maneno kamili. Akasema radhi yangu imepokelewa kama kielelezo cha kwanza.

Jumatatu, 3 Juni

Mashine ya kukaushia inafanya kazi. Mvua imepungua.

Jumanne, 11 Juni

Jua. Tumeanika uani. Kasuku ameimba tena shuleni, na mimi nilisimama nyuma ya watu warefu, kisha nikasogea mbele. Ruhusa niliomba mwenyewe. Rula alisema, "Sawa," bila kuinua macho. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji.

Nilidhani anayaweka yale mashuka matano juu ya rafu yangu kuniumbua. Leo nimemwuliza. Amesema aliyaweka pale kwa sababu ni rafu kavu kuliko zote. Inawezekana. Lakini siku zote hizi niliyadhani adhabu, na sikumwuliza.

Ijumaa, 28 Juni

Shangazi alikuja na toroli kwa mwendo ninaoujua.

"Wakili. Matokeo yametoka. Nimesikia umefaulu."

"Nani kasema?"

"Fundi wa bo..." Alitazama dari, midomo imebana, mabega yakaanza kutikisika. "Mungu anisamehe. Nenda kaone."

Niligonga mlango wa Rula. Nikasema ninachotaka, akasema niwe nimerudi kabla ya mchana. Nilivuka barabara mbili, nikapanda ngazi za chuo. Kulikuwa na watu wamelizunguka bango la matokeo lenye kioo, wengine wakiulizana, na mwanafunzi mmoja ninayemfahamu akaanza kuniambia kitu. Nilimwomba asiniambie. Nilisubiri nafasi, nikasogea, nikaweka kidole kwenye kioo, nikashuka nacho mpaka kwenye namba yangu. Kisha nikasoma kilichoandikwa mbele yake. Nikakisoma mara ya pili.

Nilirudi. Chumba chote kilikuwa kimesimamisha kazi na kujifanya kinafanya kazi. Fundi wa boila alikuwa mlangoni na spana ambayo haikuwa na shughuli. Rula alikuwa ananyoosha rundo lililokuwa limenyooka. Hakuna aliyeuliza.

Shangazi alikuwa ameshashika ncha zake, shuka limelegea chini kati yake na mahali pangu. Nilikwenda nikashika ncha zangu. Nikavuta kama anayecheza ngoma.

Alinitazama juu ya ule weupe wote.

"Polepole, Wakili," alisema. "Utalichana shuka la watu."